Manel Hakuitwa Manuel

"Huyu siye."

Hapo ndipo tulipoachana Jumamosi iliyopita. Kama gazeti lilikupita usihangaike, kaa hapa ubavuni nikuunganishe, mwendo ni wa haraka.

Aliyesema "huyu siye" ni karani wa jumba la kumbukumbu za mahakama, mjini Boston. Aliyeambiwa ni Ivone Andrade. Baba yake Ivone, Valdemar, yuko kizuizini, na Alhamisi atapakiwa kwenye ndege apelekwe Cape Verde, kisiwa cha Brava, alikotoka akiwa bado hajui kufunga kamba za viatu. Amekulia Wareham, mji mdogo kusini ya Boston, amechuma kranberi Wareham, vile vitunda vyekundu vya mabwawani, ameoa na kuzika mke Wareham. Kosa lake ni ugomvi wa baa wa enzi za ujana, uliofufuliwa na watu wa uhamiaji kama maiti ya jirani.

Dawa ni moja tu. Marehemu Mzee Manel, baba yake Valdemar (Brava kila Manuel huitwa Manel), inasemekana aliapa kuwa raia wa Marekani wakati Valdemar bado mtoto. Kwa sheria ya wakati ule mtoto aliyefiwa na mama alimfuata baba. Kiapo kikipatikana, Valdemar ni raia, na raia hafukuzwi kwao.

"Angalia tena," Ivone akasema.

"Dada, nimeangalia mpaka macho yanawasha. Huyu Manuel Andrade ni Mreno wa Azori, fundi viatu, na amezaa mabinti tupu. Babu yako alikuwa fundi viatu?"

"Babu alikuwa mtu wa mabwawa ya kranberi."

"Basi siye. Na huyu ndiye aliyekuwa amebaki. Manuel Andrade wote wa nchi hii umeshawamaliza."

Ivone akashika ukingo wa dirisha. Pembeni yake alisimama Wakili Rourke, mama mnene wa Kiairishi mwenye sauti nzito kama ya mlevi, na hajawahi kuonja hata bia.

"Ivone, nisikilize," Wakili akasema. "Pengine mzee hakuapa kabisa. Wako wengi walioishi hapa na kufa hapa bila kuapa."

"Babu aliapa! Baba anaikumbuka siku yenyewe. Alirudi na kofia mpya kichwani, akapika jagasida, wali na maharage, ya mtaa mzima, akakaa barazani akalia."

"Jaji hatatoa hukumu kwa kofia."

"Na faili la baba la utotoni? Si lipo serikalini?"

"Wanasema halionekani. Nimeuliza mpaka wameanza kunikimbia."

Wakati huo simu ya Ivone ikalia. Namba ya kizuizini. Akaipokea kwa mikono miwili.

"Umempata?" Sauti ya Valdemar ilikuwa ya mtu aliyekaa foleni muda mrefu.

"Bado, baba."

"Bado, au hayupo?"

"Bado."

"Leo wametupimia mabegi. Hivi mwanangu, Brava nitamgongea nani mlango? Hata Kikrioli changu wapishi wa humu wanakicheka. Wanasema naongea kama bibi kizee."

"Hutaenda Brava."

"Mimi nilikuwa nauliza tu," Valdemar akasema, kisha akaifunika simu, na hata hivyo Ivone akasikia baba yake analia.

*

Ivone aliendesha gari hadi Wareham bila kujua anapita wapi. Alikwenda kwa Tia Xanda, kwa sababu mtu wa ukoo ule akizidiwa huko ndiko anakokwenda.

Tia Xanda ni dada yake marehemu Manel. Tia maana yake ni shangazi tu, lakini Wareham nzima inamwita hivyo, hata polisi. Ana miaka zaidi ya themanini, mjane, mfupi, na ulimi wake mrefu unamfidia.

Nyumba ilikuwa imejaa wanawake. Jirani alikuwa na mjukuu mchanga, na jioni hiyo walikuwa wanamlinda kichwa. Watu wa Brava mtoto hawamwachi hivi hivi mpaka apite usiku wa saba. Wanakaa naye, wanakula, wanapiga kelele za kuwatisha wachawi, na chini ya godoro kuna mkasi uliofunguliwa.

Pale mlangoni palikuwa na ugomvi tayari.

Bibi wa mtoto wa upande wa baba, Mpolandi wa Fall River, alikuwa ameleta keki kubwa. Juu ya keki lilikuwa limeandikwa jina la mtoto kwa sukari ya buluu. Sasa Tia Xanda ameshika kisu cha mezani, anakwangua jina.

"Mama, nimeiagiza kwa fundi!" Mpolandi akalia.

"Na fundi ametangaza jina la mtoto mji mzima. Unataka wachawi wapate anuani?"

"Sasa mtoto aitwe nani?"

"Mpaka kesho anaitwa Kikapu."

"Kikapu!"

"Mchawi akija kumtafuta mtu atakuta kikapu. Atarudi kwao. Kula keki yako."

Wanawake wakaangua kicheko. Ivone hakucheka. Macho yake yalikuwa kwenye ile keki, mahali palipokwanguliwa. Buluu ilikuwa imepakazika, herufi moja tu imebaki, na hakuna mtu duniani ambaye angeweza kusoma mtoto yule anaitwa nani.

Akamkumbuka babu yake.

Mtoto akaanza kulia. Tia Xanda akamnyakua, akamweka begani, akamtikisa. "Nyamaza, nyamaza Titói wangu, nyamaza..."

Akakatiza maneno ghafla.

"Titói ndiye nani tena?" mwanamke mmoja akauliza. "Si tumesema Kikapu?"

"Nimesema Kikapu."

"Umesema Titói, Tia."

"Masikio yako yamejaa keki," Tia Xanda akajibu, akamrudisha mtoto kwa mama yake upesi kama mtu aliyeshika sufuria ya moto, akaenda jikoni.

Ivone akamfuata, akafunga mlango.

"Tia. Manel lilikuwa jina la kanisani, au jina la nyumbani?"

Mwiko ukasimama ndani ya sufuria ya kachupa, ule mchuzi wa mahindi na maharage.

"Manel ni Manel."

"Tia, tumefungua makabati yote ya Boston tukimtafuta Manuel Andrade. Hayupo. Sasa naona mnamficha mtoto wa watu kwa jina la Kikapu. Babu naye alifichwa?"

"Nina wageni, mjukuu wangu."

"Wageni wana keki."

Tia Xanda akapunguza moto. Akajifuta mikono muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Wengine jina la kuficha linaisha siku ya saba," akasema. "La kaka yangu halikuisha. Wavulana wote waliomtangulia walikufa. Mama akaona kuna mtu anawaita. Huyu alipozaliwa akamwambia padri jina la kweli, akalimeza, na nyumba nzima tukasema Manel, Manel, Manel. Yeye mwenyewe alilijua siku aliyokwenda kuchukua pasi ya kusafiria. Alirudi amekasirika, anasema wamempa pasi ya mtu mwingine."

"Na kaburini tumeandika Manuel!"

"Mliandika ninyi. Mimi nilikaa kimya. Niliona ni vizuri, hata huko hawatamjua."

"Niambie hilo jina."

"Nilimwapia mama yangu."

"Mama yako amekufa. Babu amekufa. Aliye hai ni baba yangu, na Alhamisi wanampakia kama gunia!"

Tia Xanda akamtazama. Ivone baadaye alisema kwamba hajawahi kuona uso ule kwa bibi yule, uso wa mtu anayesogezwa ukingoni.

"Ukilifungua jina hilo halitatoka peke yake," Tia akasema.

"Litoke na wenzake."

"Hujui unachokitaka."

"Namtaka baba yangu, Tia. Sitaki kingine."

Kule sebuleni wanawake walianza kupiga masufuria ya kuwatisha wachawi. Tia Xanda akamvuta Ivone kwa shingo, akaweka midomo sikioni mwake, akasema jina ambalo halikutamkwa katika nyumba ile tangu nyumba ijengwe.

"Hipólito."

*

Asubuhi karani alipomwona Ivone anaingia alianza kutikisa kichwa kabla hajafika dirishani.

"Dada, Manuel wameisha."

"Nitafutie Hipólito Andrade."

Karani akaandika. Akangoja. Akainua uso.

"Yuko mmoja tu."

Wakili Rourke akaja mbio kutoka varandani, viatu vinapiga kelele mpaka wasomaji wengine wakageuka. Karatasi zikaletwa ndani ya jalada la kijivu. Hipólito Andrade. Amezaliwa Brava. Amefiwa na mke. Kibarua wa mabwawa ya kranberi, Wareham. Na kwenye kona, picha: kofia mpya, masharubu, na macho yale yale ya Valdemar.

"Babu!" Ivone akasema kwa sauti, kama amekutana naye barabarani.

"Tarehe," Wakili akasema. "Usinionyeshe babu, nionyeshe tarehe."

Wakaisoma pamoja. Kwa miaka iliyo kwenye pasi yake, Valdemar siku hiyo alikuwa bado kijana wa shule ya kati.

Wakili Rourke akamkumbatia karani kupitia dirishani. Karani akabaki ameshikilia miwani yake.

"Leo hii hii inafika mezani kwa jaji!" Wakili akasema. "Baba yako Alhamisi atakula chakula nyumbani. Wako watu nitawapigia simu mimi mwenyewe kwa raha zangu. Geuza, geuza ukurasa, kuna sehemu ya watoto, jina la baba yako liwepo tu, basi tumemaliza."

Ivone akageuza.

Furaha yao haikuishi hata ukurasa mmoja.

Swali lilikuwa limepigwa kwa mashine: mwombaji ana watoto? Jibu: mmoja. Jina: Valdemar. Anaishi wapi?

Jibu: Amefariki. Brava.

Ivone akaisoma mara ya pili, kisha akaweka kidole juu ya lile neno kama atalifuta.

"Babu alikosea."

"Mtu hakosei kumwua mwanawe mbele ya jaji," Wakili akasema, na sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Lakini baba yuko hai! Jana ameongea na mimi!"

"Kuna mtu aliyeongea na wewe jana. Ana pasi ya Valdemar Andrade. Karatasi hii inasema Valdemar Andrade alizikwa Brava kabla pasi hiyo haijapanda ndege." Wakili akafunga jalada taratibu. "Unaelewa nikiwapa hii itakuwaje? Sasa hivi wanamfukuza kwa ugomvi wa baa. Wakiiona hii watamfukuza kwa kuingia nchini na jina la maiti. Na hapo hata mimi sina mlango wa kugonga."

"Na tusipowapa?"

"Alhamisi."

Ivone akakaa chini, pale pale sakafuni, mgongo ukutani. Watu wakampita kwa kuruka miguu yake. Karatasi aliyoitafuta mwezi mzima ilikuwa mapajani mwake, na ilikuwa ndiyo kisu chenyewe.

Akaifungua tena, maana mtu aliyekata tamaa mikono yake haitulii. Chini kabisa palikuwa na majina ya mashahidi wawili walioapa kwamba wanamjua mwombaji na yote aliyosema ni kweli. Mmoja alikuwa msimamizi wa mabwawa. Wa pili aliandika kwa mwandiko wa kuinama, herufi kubwa kama za mtoto.

Alexandrina Pina, dada wa mwombaji.

"Tia Xanda," Ivone akasema. "Tia Xanda aliapa kwamba baba yangu amekufa."

"Shahidi enzi hizo ilikuwa lazima awe raia mwenyewe," Wakili akasema. "Huyo bibi yu hai?"

"Jana amenilisha kachupa."

"Inuka."

*

Mlango wa Tia Xanda ulikuwa wazi. Mwenyewe alikuwa amekaa sebuleni katika nguo zake nyeusi za maziko, kiatu cha kanisani mguuni, kitambaa kichwani. Miguuni pake palikuwa na begi. Mapajani alishika fremu ya kioo iliyozoea kukaa ukutani pembeni ya picha ya Moyo Mtakatifu: cheti chake cha uraia. Pale ukutani pamebaki msumari na mraba mweupe.

"Mmechelewa," akasema. "Nilidhani mtakuja kabla ya chakula."

"Ulijua tutaikuta?" Ivone akamuuliza.

"Nilikuambia jina hilo halitoki peke yake."

"Baba yangu ni nani, Tia?"

Bibi akatazama fremu yake.

"Valdemar mwana wa Manel alikufa kwa surua, mama yake akamfuata kabla ya arobaini. Mtoto mdogo kabisa. Pasi yake ilikuwa imeshatoka, Manel alikuwa anajiandaa kuja naye. Sasa pasi iko, mtoto hayuko. Na pale nyumbani kwa mama yetu kulikuwa na mtoto mwingine anacheza na kuku, hana pasi, hana baba, mama yake yuko Amerika."

"Titói," Ivone akasema.

"Titói." Tia alilitamka polepole. "Ni wangu. Nilimzaa kabla ya ndoa. Baba yake alipanda meli, hakutuma hata salamu. Benvindo Pina alinitaka kwa picha, na kwenye picha hakukuwa na mtoto. Nikamwacha kwa mama, nikaja. Manel ndiye aliyeniletea. Alimwambia njiani, kuanzia leo wewe ni Valdemar na mimi ni baba yako. Akamleta mpaka kwenye mlango huo. Mwanangu amesimama pale ananitazama, na Benvindo yuko nyuma yangu. Nikamwambia karibu, mimi ni shangazi yako."

Ivone akageuka kuutazama mlango ule.

"Na nimekuwa shangazi mpaka leo," akamaliza. "Nilikuwa shangazi mzuri."

"Na kile kiapo?" Wakili akauliza.

"Manel alikuwa mwongo wa kawaida tu, kama sisi wote. Lakini ukimshikisha Biblia anakuwa mtu mwingine. Nilimsihi njia nzima. Akasema, Xanda, nitasema ukweli, jaji mwenyewe hasomi. Na kweli hakusoma."

Wakili Rourke akavuta kiti, akaketi magoti yake yakikaribia kugusana na ya bibi.

"Mama, nijibu vizuri. Huyo Titói, kuna mwanamume yeyote aliyewahi kumwandika kuwa wake? Kanisani, serikalini, popote?"

"Mwanamume wa wapi? Huyo aliyeingia baharini?"

"Na wewe uliapa uraia lini? Titói alikuwa mkubwa?"

"Alikuwa anang'oka meno ya mbele."

Wakili akafumba macho. Alipoyafumbua yalikuwa yamelowa.

"Sheria ya wakati ule ilisema hivi. Mtoto asiye na baba anamfuata mama. Mama akiwa raia kabla mtoto hajawa mtu mzima, na mtoto yuko hapa, naye ni raia. Hahitaji kuapa. Hahitaji Manel. Mwanao ni raia kupitia kwako."

Tia Xanda hakuelewa mara moja. Midomo ilicheza, akirudia maneno moja moja. Kisha akailaza fremu kifudifudi mapajani.

"Kwa hiyo mwezi mzima huu mnahangaika huko makabatini... mtoto amelala kwenye zege... na mimi nimekaa hapa napika?"

"Tia, hukujua," Ivone akasema.

"Nilijua yeye ni nani! Hilo nililijua!" Akajipiga kifuani kwa ngumi, mara moja, kwa nguvu. "Ningefungua mdomo huu tu!"

Wakili akamshika mkono. "Kuna jambo la pili, na lazima ulisikie kabla hujaamua. Ulipoapa wewe, waliuliza kama una mtoto?"

"Waliuliza."

"Ulijibu nini?"

"Benvindo alikuwa kiti cha nyuma, namsikia anavyopumua. Nikasema sina."

"Basi ukisimama leo mbele ya jaji ukasema una mwana, unasema pia kwamba uliapa uongo. Na pasi ile ya marehemu nayo uliijua. Wanaweza kukuvua uraia, mama, kwa umri wako. Wakikuvua, nawe unarudishwa. Na ubaya wake ni kwamba wakiuvua wako, watajaribu kusema na wa kwake haukuwahi kuwepo. Nitapigana. Siwezi kukuahidi."

"Watanirudisha Brava?"

"Inawezekana."

Tia Xanda akaligusa begi kwa ncha ya kiatu.

"Unadhani hili ni la kwenda sokoni? Nimelifunga usiku. Kama anaenda, naenda naye. Nilimwacha kisiwani mara moja, mara ya pili hapana. Nipeleke kwa huyo jaji. Akitaka kuvua avue. Fremu nimeitungua mwenyewe nisimsumbue."

Ivone alikuwa anacheka na kulia pamoja, anatafuta funguo za gari asizione, na zilikuwa mkononi mwake.

Simu ikalia. Namba ya kizuizini.

"Baba! Baba, sikiliza, tume..."

"Ivone." Valdemar aliongea haraka, nyuma yake kuna makelele na mlango wa chuma. "Wameturuhusu simu moja moja. Ndege wameiwahisha. Siyo Alhamisi."

"Lini?"

"Leo. Tuko kwenye foleni ya basi. Mwanangu, ile nguzo ya barazani imeoza, mwambie mtu aitazame, isije ikamwangukia mtu. Na usilie."

Wakili Rourke alikuwa ameshatoa simu yake, anapiga mahakamani, anatembea huku na huku, anapaza sauti kwa mtu aliyemwambia angoje.

Mkono mdogo wenye mishipa ukapita mbele ya Ivone, ukaichukua simu sikioni mwake.

"Titói," Tia Xanda akasema.

Upande wa pili yale makelele yalionekana kama yamesogea mbali.

"Nani huyo?" Valdemar akauliza. Ilikuwa sauti ndogo, si ya mwanamume mwenye mvi. "Ivone, nani huyo? Nani anayenita hivyo?"

"Ni mama yako."

Simu ikakatika.

Tia Xanda akabaki ameibana sikioni. Wakili aliacha kutembea. Ivone akasogea, akaangalia kioo cha simu, hakuna kitu, giza.

"Alisikia?" bibi akauliza.

Ivone akaichukua simu polepole.

Tia Xanda akainuka. Akaweka fremu kwapani, akalibeba begi kabla mtu hajamsaidia, akafika mlangoni, pale pale aliposimama siku ile akasema yeye ni shangazi.

"Washa gari, mjukuu wangu," akasema, na Ivone kwa mara ya kwanza akalisikia neno hilo lilivyo. "Kama hakusikia, nitamwambia tena."